Kidole Shingoni: Maneno Niliyowaambia Vijana Juu ya Pran, Adui wa Sinema

Assalaam alaykum. Hamjambo wanangu?

Kijana aliyekuja kunialika alisimama barazani kwangu, kahawa akaikataa, akasema, "Mwalimu, tunaomba uje utuzungumzie uigizaji." Nikamwambia umepotea nyumba. Mimi nimesomesha hesabu miaka 33, sijapanda jukwaani hata kwa kusukumwa. Akanijibu, "Lakini tumeambiwa katika picha za Kihindi zilizoingia Unguja enzi zile, hakuna usiyoiona." Hapo akanipata. Majestic, Empire, Cine Afrique, kote huko viti vilikuwa vikinijua.

Nianze na swali. Nyinyi mnaojifunza kuigiza, nani anataka kuwa steringi? Naam. Hapa karibu nyote, hata yule anayechukua picha. Na nani anataka kuwa adui? Mmoja. Na mwenyewe anacheka kwa haya. Basi mwanangu, mimi leo nimekuja kwa ajili yako, hawa wengine wamekusindikiza tu.

Sisi tuliokulia kwenye picha tulikuwa na kanuni moja ambayo hata mtoto wa chuo cha Kurani aliijua: steringi hafi. Atapigwa risasi, atatupwa mtoni, atafungwa jela kwa kosa asilolifanya atoke na ndevu, lakini hafi. Sasa nyinyi nifanyieni hesabu. Ikiwa mwisho unajulikana kabla tiketi haijakatwa, kwa nini mama yangu alikuwa akinibana mkono mpaka kucha zinaniingia? Kwa nini watu walirudi siku ya pili kutazama picha ileile? Si kwa ajili ya steringi, maana yule hana wasiwasi na sisi hatuna wasiwasi naye. Aliyetusahaulisha ile kanuni alikuwa adui. Yeye ndiye aliyekuwa akitufanya tuseme, ah, safari hii huyu bwana kweli atakufa.

Adui wangu aliitwa Pran.

Najua wengi wenu mkisikia adui wa Kihindi mnamkumbuka Amrish Puri, yule Mogambo wa Mr. India ya mwaka 1987, na macho yale kama taa za lori. Wengine mtamtaja Amjad Khan, Gabbar Singh wa Sholay, 1975. Sina ugomvi nao, ni mabingwa. Lakini hao walikuta njia imeshafyekwa. Miaka ya hamsini na sitini, ukitaka mtu wa kumtesa Dilip Kumar, wa kumpokonya Raj Kapoor mchumba, wa kumsingizia Dev Anand, masteringi wa enzi hizo, ulimwita mtu mmoja. Alicheza picha zaidi ya 350, na miaka mingi katika hiyo alikuwa akicheza ili achukiwe.

Niwaeleze siku niliyomchukia mimi. Nilikuwa na miaka kumi na tatu au kumi na nne, buibui langu bado linanukia duka. Kulikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao, mchana, na mama na mama zangu wadogo walikuwa hawakosi. Siku hiyo ilionyeshwa Ram Aur Shyam, picha ya 1967. Dilip Kumar humo ni pacha wawili waliopotezana, na mmoja, Ram, ni mpole hadi upole wenyewe unamdhuru. Pran ni Gajendra, mume wa dada yake, aliyeikalia mali ya nyumba ile na kumtawala Ram kwa mjeledi. Anampiga. Mtu mzima anampiga mtu mzima mwenziwe, na yule analia kama mtoto.

Ukumbi mzima uliinuka. Nikisema uliinuka nakusudia watu walisimama. "Mkono ukupooze!" "Hujazaliwa na mwanamke wewe!" Bibi mmoja mstari wa mbele yetu alivua kandambili akaivurumisha kwenye pazia, kisha picha ilipokwisha akawa anaitafuta kwa tochi ya mkata tiketi. Tulipokuwa tukirudi nyumbani kupitia vichochoroni mama alisema maneno ambayo nimeyaweka mpaka leo: "Yule haigizi. Yule ndivyo alivyo." Baadaye, nilipokuja kusoma habari za maisha ya mtu huyu, nikaona kwamba yale maneno ya mama ndiyo tuzo aliyokuwa akipewa kila mji, na ndiyo adhabu yake pia.

Maana wala hakuwa hivyo, na hata kazi yenyewe hakuitafuta.

Alizaliwa Delhi tarehe 12 Februari 1920, mtaa wa Ballimaran, jina kamili Pran Krishan Sikand. Pran kwa Kihindi ni pumzi, uhai. Baba yake alikuwa kontrakta wa kazi za serikali, leo mji huu kesho mji ule, na watoto wakimfuata. Shule haikumshika sana kijana. Alichokitaka ni kupiga picha. Nazungumzia picha za studio, za mtu kukaa kwenye kiti akaambiwa usipepese macho. Akawa mwanagenzi wa mpiga picha Delhi, akapelekwa Shimla, kisha Lahore.

Hapo Shimla kuna kisa ninachokipenda. Kila mwaka Wahindu huigiza hadithi ya Rama na mkewe Sita, na siku hizo wanawake hawakupanda jukwaani, kwa hiyo Sita huchezwa na kijana wa kiume mwenye sura nzuri. Sita akawa Pran. Rama akachezwa na Madan Puri. Sasa huyu Madan Puri ni kaka yake Amrish Puri, na yeye pia akaja kuwa adui mkubwa wa sinema. Kwa hiyo watu wa Shimla walikaa wakawatazama mume na mke watakatifu kuliko wote, kumbe wanawatazama maadui wawili wa baadaye waliovishwa mataji.

Lahore akakutwa kwenye duka la tambuu. Usiku, amesimama na wenziwe, anatafuna. Pembeni yuko Wali Mohammad Wali, mwandishi wa hadithi za picha, anamwangalia tu, jinsi anavyotafuna, jinsi anavyosimama, jinsi anavyowatazama watu kama ana deni nao wote. Akamwambia njoo studio kesho. Kijana akaona ni maneno ya dukani, asiende. Wakakutana tena, akakemewa, safari hii akaenda. Mwaka 1940 ikatoka picha ya Kipunjabi, Yamla Jat, na Pran yumo, adui.

Hebu nisimame kidogo hapa. Kuna watu wanasema alikuwa na bahati. Mimi naona yule Wali hakuona sura, aliona mtu anayejua kutazama. Miaka yote ile Pran alikuwa nyuma ya kamera akiwachungulia watu wakijitengeneza, huyu anarekebisha kola, yule anaficha kidole kilichokatika, mwingine anatoa kifua mbele kwa sababu suti ni ya kuazima. Mpiga picha wa studio anajua siri moja: mtu akiwa na hofu, mikono yake husema kabla ya uso. Hilo mliweke, tutalirudia.

Waliwahi kumfanya steringi. Ndiyo! Mwaka 1942, picha ya Khandan, yeye na Noor Jehan, ambaye wakati huo alikuwa binti mdogo na mfupi, ikabidi awekewe matofali ya kusimamia ili nyuso zao zilingane kwenye kamera. Picha ilipendwa mno. Mtu mwingine angeng'ang'ania hapohapo. Pran mwenyewe alikuwa akisema baadaye kwamba yale mambo ya kumkimbiza msichana kuzunguka miti huku unaimba hayakumkaa. Mimi namwelewa. Kuna sura zilizoumbwa kwa kupenda na kuna sura zilizoumbwa kwa kusubiri nyuma ya mti.

Kisha likaja la 1947. Nyinyi hamkusoma sana habari hizi, lakini kukatwa kwa India na Pakistan kulikuwa msiba, mamilioni walihama kwa miguu na kwa treni, na treni nyingine zilifika na maiti. Pran alikuwa mtu wa Lahore tayari, na picha zaidi ya ishirini huko. Mkewe Shukla na mwanawe wa kwanza alikuwa amekwisha wapeleka Indore. Mwezi wa Agosti alikwenda huko kwa ajili ya mtoto kutimiza mwaka, na nyuma yake Lahore ikawaka moto. Hakurudi. Tarehe 14 Agosti akaingia Bombay. Jina alilolijenga Lahore likabaki Lahore, na baadhi ya picha zake zikatoka upande wa Pakistan tu, bila yeye kuwapo.

Bombay hakuna aliyemjua. Miezi inapita anagonga milango ya studio, akaenda kufanya kazi hotelini, Marine Drive. Aliyemsaidia ni Saadat Hasan Manto, mwandishi mkubwa wa Kiurdu, pamoja na mwigizaji Shyam, wakampenyeza Bombay Talkies katika picha ya Ziddi, 1948. Steringi wake Dev Anand. Pran akarudia uadui, na safari hii hakutoka huko kwa karibu miaka ishirini.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, maana nyinyi hamkuja kusikiliza historia.

Mwaka 1949 kuna picha inaitwa Badi Bahen. Anavyoingia humo, huoni mtu. Unaona moshi wa sigara, pete za moshi, moja, nyingine, nyingine, zinaelea. Mwenyewe anakuja baadaye. Watu wakajua kwamba yuko mahali kabla hawajamwona, na kutoka hapo hizo pete zikawa zake, ukiona moshi moyo unakwenda mbio. Msiende mkaanza kuvuta sigara, tafadhalini. Nataka mwone jambo jingine. Pete ya moshi haitengenezwi na mtu mwenye haraka. Anayetoa pete za moshi ni mtu mwenye nafasi, aliyetulia, ambaye ubaya wake ameupanga tangu jana. Hajasema neno lakini umeshamjua.

Alikuwa akibadilika kila picha. Nywele za bandia, masharubu, fimbo, namna ya kutembea, sauti. Alikuwa na mchoraji wa kumchorea sura kwanza kwenye karatasi, akaitazama, akasema huyu siye, chora tena. Katika Khandaan, picha nyingine hiyo, ya 1965, alijiwekea masharubu ya Hitler. Katika Halaku, 1956, ndiye Halaku mwenyewe, yule Mmongolia aliyeivunja Baghdad. Katika Madhumati, 1958, ni bwanyenye Ugra Narain, mpole wa ulimi, na upole wake ndio unaokufanya utake kufunga milango.

Lakini ile iliyo juu ya zote, kwangu, ni Raka. Picha ni Jis Desh Mein Ganga Behti Hai, 1960. Raka ni jambazi katika kundi la majambazi wa mabondeni, na Raj Kapoor ni mjinga mmoja mwema aliyeingia katikati yao bila kujua. Kuna farasi, kuna bunduki, kuna moto. Na ndani ya yote hayo Raka ana kitu kimoja anachokifanya tena na tena: anaingiza kidole kwenye kola na kukipitisha shingoni. Hakuna aliyemuuliza kwa nini. Hakuna mstari wa maneno unaokieleza. Pran alijiuliza, jambazi huyu anaota nini usiku? Akajijibu: kamba. Jambazi mwisho wake ni kitanzi, na anajua. Basi kila anapokaa, shingo inamwasha pale kamba itakapokaa.

Jamani! Mtu anakuja kukutisha wewe huku mwenyewe amekwisha nyongwa.

Mimi huwa natazama michezo yenu kwenye simu, wajukuu wananionyesha. Niseme ukweli au nisiseme? Nasema. Adui wenu namjua kabla hajavua miwani. Amekaa kwenye sofa, glasi mkononi, vijana wawili wamesimama nyuma yake wamekunja mikono, na anacheka. Anacheka nini? Hajaambiwa kichekesho. Anacheka kwa sababu mwongozaji amemwambia watu wabaya hucheka. Halafu anapiga kelele, na akishapiga kelele amekwisha, hana pa kupanda tena.

Hebu tumchukue adui mmoja wa kwetu. Bwana tajiri anadhulumu shamba la mayatima. Hadithi hiyo mmeicheza mara ngapi? Sasa nyamaza na kicheko, jiulize swali la Pran: bwana huyu anaota nini usiku? Tuseme utotoni alilala na njaa. Vizuri, hiyo iwe siri yako, usiwaambie watazamaji. Lakini akila, mfanye afute sahani kwa kidole mpaka ing'ae, yeye mwenye nyumba ya ghorofa. Afanye hivyo huku anawaambia mayatima wahame. Mara moja tu, asirudie mbele ya kamera kama anatafuta makofi. Mtazamaji atahisi baridi na hatajua imetoka wapi.

Naona huyu aliyenyoosha mkono anaandika. Andika, mwanangu.

Sasa hiyo kazi akiifanya mtu vizuri kiasi hicho, analipwa nini? Fedha alilipwa. Na heshima moja ya ajabu: kwenye majina ya mwanzo wa picha, wakishatajwa wote, mwisho kabisa linakuja peke yake jina lake, "na Pran". Mama yangu alisoma herufi za Kiarabu, za Kizungu hakuzijua. Lakini umbo la neno lile la mwisho alikuwa amelikariri. Likitokea tu, alikuwa akijifunika mtandio vizuri kama mtu anayetarajia mvua, anasema, "Yumo."

Ila barabarani aliitwa mhuni, haramia, mtu baradhuli, hadharani, na watu wasiomjua. Alisimulia mwenyewe kwamba alikwenda Delhi kwa rafiki yake kunywa chai, na dada mdogo wa rafiki akamkuta pale. Alipofika hotelini simu ikalia, ni yule rafiki, anacheka lakini hana raha. Dada yake amemuuliza kwa nini analeta majambazi nyumbani. Na inasemwa huko India kwamba katika miaka yake ya ukali wazazi waliacha kumwita mtoto Pran. Pumzi! Jina la uhai, na mtu mmoja akalifanya watu waliogope kwenye cheti cha kuzaliwa.

Mwaka ni uleule, 1967. Ram Aur Shyam na mjeledi wake ndiyo hiyo imetoka. Na mwaka huohuo Manoj Kumar anaongoza picha yake ya kwanza, Upkar, picha ya wakulima na askari, iliyotokana na ule wito wa Waziri Mkuu Shastri wa kumsifu askari na mkulima baada ya vita vya 1965. Humo kuna mzee wa kijiji anaitwa Malang, mguu mmoja mbovu, anatembelea gongo, ulimi mkali, moyo safi. Manoj Kumar akampa Pran.

Si hivyo tu, akampa na wimbo. Kalyanji na Anandji, watunzi wa muziki, inasimuliwa walishika vichwa. Wimbo ule ndio uti wa mgongo wa picha, unazungumza juu ya viapo na ahadi na mapenzi kwamba vyote ni maneno tu, na sasa unapewa mtu ambaye akifungua kinywa watoto wanajificha? Ulikuwa umeimbwa na Manna Dey, sauti ya mtu aliyekwisha lia akakauka. Pran akaufanyia kazi. Mtazameni jinsi mishipa ya shingo inavyokaza pale sauti inapopanda, utadhani ni koo lake. Shingo ileile ya Raka, wanangu, lakini sasa si kitanzi kinachoibana.

Nilikwenda kuitazama na mama. Jina likatoka mwisho, "Yumo," mtandio ukavutwa. Malang akaja na gongo lake. Mama akaninong'oneza, "Mguu huo mzima, subiri utaona." Tukasubiri. Malang anatetea wanyonge, mama anasema, "Anawazuga." Malang anaimba, ukumbi umenyamaza, nikamsikia mama anavuta pumzi, lakini hakukubali. Picha ikafika nusu, ikapita nusu, mama bado anamngojea atupe gongo achomoe kisu. Taa zilipowaka alikaa kwenye kiti muda mrefu. Mwisho akasema, kama mtu aliyekutana na mkwe aliyemsengenya, "Basi nilimlaani bure."

Ndivyo ilivyokuwa na kule kwao. Waliokuwa wakimtukana wakaanza kumpisha njia, Malang anapita. Tuzo ya Filmfare, ile kubwa ya picha za Kihindi, ya mwigizaji msaidizi akaichukua kwa picha hiyo, akaichukua tena kwa Aansoo Ban Gaye Phool ya 1969.

Ya tatu ndiyo yenye hadithi. Alishinda kwa picha ya Be-Imaan ya 1972, na tuzo ya muziki mwaka huo ikaenda kwa Be-Imaan hiyohiyo. Wenziwe ndani ya picha yake wameshinda. Pran akakataa yake. Alisema tuzo ya muziki ilikuwa haki ya mtunzi Ghulam Mohammed kwa picha ya Pakeezah. Ghulam Mohammed alikuwa amekufa tangu 1968, picha haijatoka, hana wa kumpigania wala hana cha kumlipa mtu. Neno Be-Imaan maana yake ni mtu asiye mwaminifu. Nyinyi wenyewe mtajaza.

Na mnamkumbuka Raj Kapoor alivyofilisika kwa Mera Naam Joker, picha aliyoitengeneza mwenyewe ikaanguka? Alipotaka kutengeneza Bobby, iliyotoka 1973, hakuwa na fedha za kumlipa mtu kama Pran. Pran akacheza kwa rupia moja.

Mwaka huohuo wa 1973 kuna Zanjeer, na hapa nataka mkae sawa kwa sababu hapa ndipo adui anapomzaa steringi kwa macho yenu. Prakash Mehra alikuwa anatafuta mtu wa kuwa Inspekta Vijay, mastaa wakubwa wamekataa. Pran alikuwa mmoja wa waliompendekeza kijana mrefu mmoja ambaye picha zake zilikuwa zinaanguka mfululizo. Kijana huyo ni Amitabh Bachchan. Pran ni Sher Khan, Mpashtuni mwenye nywele za hina na jumba la kamari. Anaingia kituo cha polisi, anakwenda kukaa, na inspekta anakipiga teke kiti kabla hajakalia.

Tazameni sini hiyo kama wanafunzi. Nani ana nguvu pale? Katika maisha, Pran. Jina lake ni kubwa mara kumi. Angetaka angeimeza ile sini kwa kuinua nyusi moja tu, na yule kijana angebaki mlingoti. Badala yake anasimama, anamtazama, na usoni unaona mtu ambaye miaka mingi hakuna aliyethubutu kumfanyia hivyo. Mshangao wake ndio unaomfanya kijana awe mkubwa. Sisi tulitoka sinema tukisema, umeona Amitabh alivyo mkali? Ukali ule alikopeshwa na mwenye kiti.

Miaka iliyofuata nitaipita mbio. Alicheza baba, babu, polisi, mlevi, mchekeshaji pamoja na Ashok Kumar katika Victoria No. 203. Amar Akbar Anthony ya 1977 kila mtu anaijua, yeye ndiye baba wa wale watoto watatu. Don ya 1978 pia. Kuna nyingi za miaka ya themanini ambazo, kwa heshima zote, alizifanya kwa sababu simu ililia. Serikali ya India ikampa nishani ya Padma Bhushan mwaka 2001, na tuzo yao kubwa kabisa ya sinema, ya Dadasaheb Phalke, akapewa mwaka 2013. Ilibidi waziri ampelekee nyumbani kwa sababu mzee alikuwa hawezi kusafiri. Miezi miwili haikupita sana, tarehe 12 Julai 2013, akafariki Mumbai, ndiyo ileile Bombay, na miaka 93.

Mama yangu alikuwa ametangulia. Ningemwambia, najua angeuliza kwanza, "Una hakika?" Maana alishazoea kumwona anakufa dakika kumi kabla ya taa kuwaka, na wiki mbili baadaye jina lile linatokea tena mwisho.

Basi. Yule kijana wa mashine amenipa ishara kwamba mkanda uko tayari, ingawa siku hizi si mkanda tena, ni kitu kama kifungo cha shati. Tutatazama kipande cha Raka, dakika chache tu. Kuna farasi watapita na bunduki zitalia, msizitazame. Mwangalieni mkono, halafu mniambie ni mara ngapi umekwenda shingoni, mimi nitakuwa nahesabu. Wewe uliyetaka uadui njoo ukae hapa mbele. Zimeni taa.